Chuma Hakiungui

Tangu soko la pamba lifunguliwe, jirani yangu mnunuzi amekarabati nyumba na kupandisha ghorofa juu ya mihimili ya chuma. "Tuifunike kwa saruji, mzee. Chuma kikipata moto kinalegea," fundi Bundala alimsihi. Akakataa, wageni wangeona nini? Kila anayeingia sebuleni hugongewa mhimili kwa fimbo. "Sikia! Chuma hakiungui." Na chumba cha pili amekijaza pamba mpaka mlangoni. Jumapili moshi ulipoingia sebuleni, alituruka wageni wote, tukamkuta ng'ambo ya barabara, pekupeku, fimbo mkononi. "Rudi, baba watoto," mkewe aliita, "ni maharage!" Mhimili bado anaugonga. Ila kiti chake sasa kiko karibu na mlango.