Mto Umejaa, Mimi Navuta Kisima

Kosa ni langu, asinitetee mtu! Nimechoka kusikia watu wakinipoza eti ni mabadiliko ya tabianchi. Tabianchi gani? Kisima cha shangazi yangu nimekiharibu mimi, kwa kiburi changu.

Nalima nyanya na bamia kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Tanga mjini. Kwetu bahari iko jirani. Chini ya maji matamu ya kisima kuna ya chumvi, ukivuta sana yanapanda. Wazee walilijua hilo, wakaweka utaratibu: masika mto ukijaa, kila mtu anamwagilia kwa mfereji, na maji yanayobaki yanaachwa yatuame bondeni yazame ardhini. Visima havimwagilii mashamba mpaka kiangazi.

Lakini mfereji una msaragambo, kazi ya kijiji kizima, bwana! Utoke na jembe ukazoe tope na wenzio, ndipo upate zamu. Mimi mwenye pampu mpya nikazoe tope? Nilicheka. "Waache hao na majembe yao," nikamwambia mke wangu.

Nikatega mpira kisimani kwangu, nikavuta masika yote, na mto unapita pale umejaa! Tena lile bonde la kutuamisha maji liko shambani kwangu. Nikalifukia, nikapanda nyanya. Mjinga mimi!

Shangazi ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Anakaa jirani na shamba langu. Kisima chake ndicho anachonywea, anachopikia, na kumwagilia mchicha anaoupeleka sokoni Mabawa. Aliposikia pampu inanguruma akaja mwenyewe.

"Mwanangu, zima hiyo mashine. Mto si huo umejaa?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Shangazi, hayo ya kizamani. Kisima ni changu."

Akageuka, akarudi kwake.

Kiangazi kikaingia. Nyanya zangu zikaanza kuungua majani. Nikadhani ni ugonjwa, nikapuliza dawa. Wapi! Mara naitwa kwa shangazi. Shikamoo, nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Akanimiminia chai. Nikapiga funda moja, nikaitema. Chumvi tupu!

"Mbona unatema?" akaniuliza. "Sisi ndiyo tunayokunywa hiyo."

Yarabi! Nilitamani ardhi inimeze. Mchicha wake wote ulikuwa umekauka, na yeye hana kazi nyingine.

Masika yaliyofuata nililifukua bonde, na kwenye msaragambo nikawa wa kwanza kufika. Watu wananiangalia tu. Maji bado yana chumvi. Bwana shamba anasema yanaweza kurudi matamu, ila ni kazi ya miaka, na shangazi ni mtu mzima. Sasa nambebea maji kwa madumu kutoka mjini. Anayapokea, anashukuru, anafunga mlango.

Na nyie mnaonunua pampu mkadhani mmenunua na maji, sikilizeni! Mto ukiwa na maji, tumieni mto. Kisima kiacheni kipumzike, na mabonde yasifukiwe. Mkiitwa msaragambo, tokeni! Msijitie ujuaji kama mimi, mkaja kulia na pampu zenu.

Shangazi hanitukani. Bora angenitukana! Juzi amewausia wanawe, nami nimekaa pale pale nasikia: siku akifa, maji ya kumwoshea wakaombe kijiji cha pili, na mimi nisiyabebe.