Shina la Mgomba Kaburini

Nilipokuwa mdogo nilikuwa mtangazaji wa hali ya hewa. Studio yangu ilikuwa jiko la nyanya, na maikrofoni yangu ilikuwa mwiko wa ugali. "Kebirigo, mawingu. Magwagwa, ngurumo. Ogembo, jua kali, anikeni nguo!" Msikilizaji wangu alikuwa babu, ameketi mlangoni na kikombe cha chai. Nikimaliza, lazima aulize: "Na hapa jikoni, mtangazaji, huu moshi utaisha lini?"

Shule niliachia kidato cha pili. Sasa nasuka watu nywele sokoni, lakini ndoto yangu bado ninayo, na kila asubuhi kabla ya chai nafungua simu nione anga inasemaje.

Ndiyo maana babu alipofariki, katikati ya mvua za masika, nyanya alinigeukia mimi. Alikuwa na ombi moja tu, kwamba babu asizikwe kwenye maji. Mtoto wao wa kwanza alizikwa siku ya mvua, na nyanya alisikia sanduku likipiga maji, chubwi, kabla ya udongo kufuata.

"Hiyo sauti haijaniacha mpaka leo," aliniambia. "Sitaki ya pili."

Mazishi yalipangwa Alhamisi, na kufikia Jumatano vijana walikuwa wamemaliza kuchimba kaburi kando ya migomba. Halafu simu yangu na redio ya baba mdogo zikasema neno moja: kesho dhoruba kubwa, watu wasisimame chini ya miti. Baba mdogo akaamua tusogeze mazishi hadi Ijumaa.

Lakini kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, wazee wanasema litaita mtu mwingine. Basi vijana wakakata shina la mgomba, wakalilaza mle ndani limshikie babu nafasi, wakafunika kwa mabati. Shina hilo halitolewi mpaka mwenyewe afike.

Alhamisi jua liliwaka kama limetukanwa. Shangazi zangu walianika hata blanketi.

"Mtangazaji!" baba mdogo akaniita mbele ya watu. "Hiyo dhoruba yako imefika wapi? Ama imekosa nauli?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu simu ilisema Ijumaa pia ni jua. Nyanya peke yake hakucheka. Alikuwa akienda kaburini, anainua kona ya bati, anachungulia lile shina, anarudi.

Ijumaa sanduku lilifika salama. Pasta alikuwa amefungua Biblia tu, upande wa ziwa kukawa kweusi. Upepo uliinua hema kama kuku aliyetishwa, ikaja mvua ya mawe, na wanaume wakakimbiza sanduku hadi sebuleni. Tulisimama tumelizunguka, hakuna aliyemsikia mwenzake kwa kelele za paa. Nikatazama simu. Ilikuwa bado inaonyesha jua.

Mvua ilipolegea tulisikia kitu huko nje. Ngo. Kimya. Ngo.

Tukatoka. Upepo ulikuwa umefunua kaburi, bati moja likaangukia ndani. Maji yalikuwa yamefika nusu, na shina la mgomba lilikuwa likielea juu yake, limenyooka kama mtu amelala, likiligonga lile bati taratibu.

"Anabisha," nyanya akasema.

"Nani, nyanya?"

"Yule wa kwanza."

Sisi ni Wasabato, hatuziki siku ya Sabato, nayo huanza Ijumaa jua likizama, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Kungoja Jumapili kungemaanisha kuliacha shimo bila mwenyewe tena, na hilo hakuna aliyethubutu kulitaja. Vijana wakatoa shina, wakachota maji kwa mabeseni, lakini yakawa yanachuruzika kutoka kwenye kuta. Baba mdogo, utani wote umemwisha, akashika panga. "Kateni migomba. Hata yenye ndizi, kateni!" Wakapanga mashina chini, safu juu ya safu, na majani mengi juu yake.

Nyanya akanishika mkono. "Angalia. Niambie kama ni pakavu."

Nikainama. Majani niliyaona makavu kiasi. Chini yake nilisikia maji yakitembea.

Sauti yangu ya kawaida ilikataa kutoka. Ikatoka ile ya mwiko. "Hapa nyumbani," nikatangaza, "pakavu."

Wakateremsha sanduku. Hakukuwa na chubwi. Majani yalitoa tu pumzi ndefu, kama mtu anayekaa baada ya safari, na nyanya akaanza kulia.

Hadi leo mvua ikianza anazima redio. "Mtangazaji," ananiuliza, "kule kwake?"

"Pakavu, nyanya."

Halafu tunasikiliza mabati, wote wawili.