Ngazi ya Mang Delfin na Kidato cha Mauti

Ukitaka kumjua Mang Delfin, yaani Mzee Delfin, fundi wetu wa ujenzi, mtazame akihesabu vidato vya ngazi. Hatumii namba. Anagusa cha chini, "Dhahabu." Kinachofuata, "Fedha." Kinachofuata, "Mauti." Kisha anarudia mpaka juu. Hapa Batangas, Ufilipino, wengi hujenga hivyo, lakini Delfin kazidi: ngazi ikiishia mauti, hakanyagi.

Basi siku ile, ngazi ya kupandia paa la zege ikaishia mauti. Delfin akakamata msumeno, akakata ncha yote. Ikaishia fedha. Haikufika tena ukingoni, lakini yeye akajivuta juu huku akipiga mluzi, msaidizi wake Nardo nyuma yake.

Kengele ya kanisa ikalia. Mjukuu wake anabatizwa mchana ule, na babu ndiye ameahidi kushika mshumaa! Mkewe, Aling Saling, yaani Bi Saling, tayari yuko chini na shati lake jeupe.

"Teremka, mzee, mtoto anangoja!"

Delfin akalala kifudifudi, akaning'iniza miguu, akawa anapapasa ngazi kwa kidole gumba.

"Kushoto! Hapana, hiyo ni hewa!" Saling akapiga kelele.

Kidole kikaigusa. Ngazi ikateleza, pwaa, mchangani! Nardo akamdaka suruali. Babu akavutwa juu, suruali nusura ibaki njiani, na saiti nzima ikaangua kicheko.

Injinia Amihan akaja mbio. "Mzee wangu, juu mliifunga na nini?"

"Ingefungwa wapi, binti? Haikufika!"

Injinia akajitahidi asicheke. "Tunatengeneza nyingine sasa hivi. Ipite ukingo, ikufike kiunoni, upate pa kushika unapogeuka."

Nyundo zikalia. Delfin, kichwa kikiwa kimechungulia ukingoni kama kobe, akahesabu kila kidato, mpaka cha mwisho kikamtia baridi.

"Mauti! Kateni!"

"Nani akate?" Saling akaweka mikono kiunoni. "Mume wangu, miaka yote unakata. Kuongeza kimoja hakuwezekani?"

Nardo alicheka mpaka akakaa chini.

Wakaongeza. Dhahabu! Mguu wa ngazi ukasogezwa mbali na ukuta, Injinia akaukanyaga, juu Nardo akaifunga kamba. Delfin akageuka na nyundo mkononi.

"Iache huko!" Saling akafoka. "Mikono miwili, uso kwenye ngazi!"

Akateremka kidato kwa kidato, taratibu kama bibi harusi, huku wakimhesabia kwa sauti. Kufika mchangani, Saling akamvika shati juu ya vumbi lake, wakatimua mbio.

Kasisi alikuwa anafungua mlango. Delfin akasimama chini ya ngazi za kanisa, akainua kidole. "Dhahabu, fedha..."

"Hapa hukati wala huongezi!" Saling akamsukuma.

Akapanda mbiombio, akipepesuka kwa kicheko, na mshumaa akaushika kwa mikono miwili.