Mpishi Aliyeacha Chumvi

Kwenye jiko la kiwanda cha nguo, mpishi mkuu alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja aliyepewa jina la Mkolezaji. Watu mia mbili walipanga foleni kila mchana mbele ya sufuria zake, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani na chakula ndani. Kutwa alikuwa anaonja, kijiko hapa kijiko pale, na kila akipata upenyo anatoka nyuma ya jiko kuvuta sigara.

Siku wafanyakazi walipopimwa afya, nesi alimfunga mashine ya kupimia presha mkononi, akatazama, akamfunga tena. Mia hamsini na sita kwa tisini na nane. Mkolezaji akacheka, akasema presha ni ugonjwa wa wazee, mashine ndiyo mbovu. Akapimwa siku nyingine mbili, na mambo yakawa yale yale. Daktari akampa miezi mitatu: apunguze chumvi, aache sigara, atembee, apunguze mwili. Isiposhuka, ataanza dawa.

Wenzake walimtania kwamba amezeeka kabla ya mvi. Mama yake, aliyekuwa akikiona kitambi cha Mkolezaji kama heshima ya ukoo, alimvuta mkwewe pembeni na kumuuliza anamnyima nini mwanawe. Mke akarudi jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka mapema kumpikia mumewe chakula cha kubeba, cha limau na kitunguu saumu, bila chumvi.

Mwezi wa kwanza Mkolezaji alikula kama anayetafuna karatasi. Alitembea kwenda kazini saa nzima, na kurudi vilevile. Sigara ilimtesa mpaka akawa hasemeshwi. Kisha ulimi ukazoea, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mchuzi aliouona yeye umekolea, kwa wenzake ulikuwa chapwa. Sahani zikaanza kurudi nusu. Akamwomba mama mmoja mkata mboga awe anamwonjea. Ikafaa siku chache, hadi meneja alipowakuta.

“Mpishi anayeonjewa ni mpishi gani?” meneja akauliza.

Mkolezaji akaeleza habari za presha. Meneja akasikiliza mpaka mwisho, akampa pole, na Ijumaa akampa barua. Jiko akakabidhiwa yule mama mkata mboga, ambaye tangu siku hiyo akimwona barabarani huvuka upande wa pili.

Miezi mitatu ilipotimia alirudi kupimwa. Mia ishirini na nne kwa themanini. Nesi alifurahi, akasema vijana wengi hawafiki hapo, akamuuliza amewezaje.

“Nimefukuzwa kazi,” akajibu.

Nesi akadhani ni utani, akacheka.

Nyumbani alimkuta mama yake amekuja kuwaona. Akamweleza matokeo, akitumaini walau neno moja zuri. Mama alimtazama suruali iliyokuwa ikimpwaya, akasema taratibu, “Bora ungebaki na presha yako, mwanangu, na kazi yako.”

Mke akaleta chakula. Mama akaomba chumvi, akaambiwa hakuna, akasukuma sahani.

Asubuhi Mkolezaji alivaa viatu akatoka. Akatembea saa nzima, haraka haraka, kama mtu anayesubiriwa mahali.