Wimbo Uliolala Matanga

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi nayo bila kuimwaga, tulikaa kijijini, mbali kidogo na Shinyanga mjini, na mashamba yetu yalilimwa kwa wimbo. Sisemi hivyo kwa kupamba. Wanawake walikuwa na kikundi cha kulima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Majembe yote yalipanda na kushuka pamoja, na mbele yao alitembea manju na kigoma chake, akitoa wimbo wao wakiitikia. Bila manju kikundi hakiendi. Kila mtu anachoka kwa wakati wake, wanaanza kuangaliana nani mvivu, na jua halijapanda wameshagombana.

Manju wetu aliitwa Ng'wana Wande, yaani mtoto wa Wande. Alikuwa mfupi, jino lake la mbele limevunjika, na nje ya shamba hakuwa na maneno mengi. Shambani ndiko alikokuwa mtu mwingine. Kila wimbo wake ulikuwa na nafasi katikati ambapo alimtaja mwenye shamba, na hakumtaja kwa jina la mtoto wake kama tunavyoitana. Mama yangu, kijiji kizima kilimwita Mama Kabula, kwa kuwa mimi ndiye Kabula. Manju alimwita mwana wa Lukanya, kwa jina la baba yake mzazi, babu ambaye mimi sikuwahi kumwona.

"Mwana wa Lukanya, nyasi zako zina kiburi, hazisalimii mtu!"

Wanawake wanacheka, mama anacheka, jembe linashuka.

Alikufa wakati wa palizi. Ilikuwa homa tu, tukadhani itapita. Zamu ya shamba letu ilikuwa kesho yake.

Bibi, mama mzazi wa baba, alitukuta jikoni jioni ile akatupa onyo. Manju akifa, alisema, nyimbo zake zinalala matanga pamoja na wafiwa. Haziimbwi shambani, hata kwa kunong'ona, mpaka majivu ya moto wa msiba yazolewe. Ukiuamsha wimbo, mwenyewe anakuja kuupokea, na pale ulipouimbia panakuwa pake. Utapalilia wewe, utavuna wewe, lakini kula hutakula.

"Na nyasi nazo zinalala matanga?" mama aliuliza.

"Nyasi hazina akili. Wewe unayo."

"Kwa hiyo nikae mpaka mahindi yamezwe?"

"Nani kakukataza kulima? Lima. Lima kimya."

Baba wakati huo alikuwa Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na habari zake zilikuja kwa kubahatisha. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kwenye jembe la mama, na mvua ya mwaka ule ilikuwa imeotesha nyasi kuliko mahindi. Huo ndio ukweli wa jambo lenyewe. Mama hakuwa mkaidi. Alikuwa na shamba linalomezwa, mtoto mdogo mgongoni, na mimi ambaye jembe lilinizidi urefu.

Asubuhi alipita kwanza msibani, akasaidia kuteka maji, halafu tukaenda shambani sisi wenyewe. Alianza kimya kama alivyoambiwa. Jembe lisilo na wimbo ni kazi ya kusikitisha kuitazama. Alilima kidogo, akasimama kufunga kanga. Akalima tena, akasimama kunywa maji. Akaniuliza jambo ambalo alikuwa ameshaniuliza. Nyasi zilikuwa palepale.

Kisha nikasikia mguno, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwanzoni nilidhani ni mdogo wangu anabembelezwa. Lakini mguno ulienda sawa na jembe, na jembe likaanza kuchangamka, na punde mdomo ukafunguka. Mama hakuwa na sauti nzuri. Alitoa wimbo wa manju na kuuitikia mwenyewe, kama mtu anayecheza bao peke yake.

"Kabula, itikia!"

Nilifunga mdomo kwa viganja viwili. Nilimwogopa mama, lakini bibi nilimwogopa zaidi.

Alilima vizuri. Kipande kikubwa kilifunguka nyuma yake, udongo mweusi, mahindi yakionekana kwa mara ya kwanza. Ndipo wimbo ukafika katikati, pale ambapo manju hutaja jina. Mama akanyamaza. Jembe likabaki chini, na yeye akabaki ameinama, hainuki. Alikuwa anasubiri. Nami nikasubiri, macho yangu kwenye njia iliyopita kando ya ua wa minyaa, kwa sababu niliamini kabisa kwamba anakuja. Nilikuwa natega sikio nisikie kigoma.

Hakikulia kigoma. Mama aliketi palepale kwenye nyasi akalia, mdomo wazi, kama mtoto. Mdogo wangu mgongoni naye akaanza. Sikuwahi kumwona mama akilia namna ile. Alipofiwa na dada yake aliwapikia waombolezaji tangu alfajiri, hata hakuna aliyejua alilia saa ngapi.

Nilikimbia nyumbani.

"Bibi, amekuja!"

"Umemwona?"

"Mimi hapana. Mama ndiye kamwona."

Bibi alichukua fimbo yake. Alipofika alimtazama mama, akatazama kile kipande kilicholimwa, na sikuona usoni kwake furaha ya mtu ambaye onyo lake limetimia. "Nilisema," akatamka, basi. Akaketi naye kwenye nyasi.

"Nimefika pale pa jina langu," mama alisema. "Pakawa kimya."

Nilidhani bibi angemwita sasa, mwana wa Lukanya, ili yaishe. Hakumwita. Mkwe ana jina lake la kumwita mke wa mwanawe, na lile halikuwa mdomoni mwake.

Habari ilifika msibani kabla ya jua kutua, bibi ndiye aliyeipeleka. Kuna waliosema mama atozwe mbuzi. Kuna waliosema kwamba mumewe akirudi ataambiwa amfundishe adabu. Mjane wa manju, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi, aliuliza tu, "Amefika wapi kwenye wimbo?" Bibi akamweleza. Mjane akasema, "Wimbo umeshaamka. Nendeni mkaulaze. Msimwache nao peke yake."

Kesho yake kikundi kizima kilikuja na majembe. Hawakulima shamba lote. Walirudia kile kipande tu, wakiimba ule wimbo mmoja. Walipofika pale pa jina, majembe yote yalisimama juu, hayashuki, na hakuna aliyefungua mdomo. Kisha wakaendelea. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu mama mmoja mnene, ambaye manju alizoea kumtania kwamba analima kwa tumbo, alishusha jembe kabla ya wenzake, akajifuta kamasi kwa mkono wa udongo.

"Mvivu mkubwa huyu! Hata kufa kachagua wakati wa palizi!"

Wakacheka wote huku wakilia. Mama yangu naye. Bibi akachomeka matawi kwenye pembe za kile kipande, na tangu siku hiyo kikawa cha manju.

Sehemu iliyobaki mama aliipalilia kimya, kwa kuchelewa, na nyingine ikamshinda. Wakati wa mavuno kipande cha manju ndicho kilichokuwa kimezaa vizuri kuliko vyote. Mama alivunja mahindi yake, akayapanga kwenye kapu, akajitwika. Baba alikuwa amerudi kutoka Geita, amekonda, mikono mitupu.

"Unayapeleka wapi mahindi yetu?"

"Si yetu. Muulize mama yako."

"Marehemu anakula mahindi?"

"Mke wake anakula. Watoto wake wanakula. Nipishe njia."

Mwaka ule michembe ya viazi vitamu tuliyokuwa tumeianika kwa ajili ya njaa tulianza kuila mapema, na tuliimaliza mapema pia. Onyo la bibi lilitimia lote, neno kwa neno. Nilipokuwa sekondari nilijiona nimeuelewa ujanja wake: imani ile iliwekwa na watu wenye akili ili nyumba ya manju isilale njaa baada yake. Bado naamini hivyo. Lakini haielezi kwa nini mama aliketi chini. Yeye hakuwa analilia mahindi, wala hakuwa analiogopa onyo la bibi.

Baadaye alipatikana manju mwingine, kijana, sauti yake nzuri kuliko ya marehemu. Kikundi kikaendelea. Pale katikati ya wimbo alimwita Mama Kabula. Mama aliitikia na kulima, hakulalamika. Ila kijijini hapo sikusikia tena mtu akimwita mwana wa Lukanya.

Haya nisingeyakumbuka kama si binti yangu Neema. Naishi Buseresere sasa, nauza dagaa wa Nkome, na nikirudi jioni miguu inawaka moto. Juzi nilimkuta jikoni, masufuria hayajaoshwa, macho yamevimba. Amefariki mwanamuziki mmoja, redio ilikuwa inapiga nyimbo zake tangu asubuhi. Kwetu nyimbo zililala, siku hizi ndiyo kwanza hazipumzishwi. Sijui lipi linauma zaidi.

"Alikuwa anakujua?" nilimuuliza. Nilisema kwa ukali, nilikuwa nimechoka.

"Hapana, mama."

"Sasa?"

Alipunguza sauti ya redio, akasema, "Ule mwaka niliokuwa Geita kwa mama ntilie. Nilikuwa naosha sahani za wachimbaji mpaka vidole vinachubuka, na sina mtu. Ana wimbo anawapa shikamoo wadada wa jikoni. Nikiusikia kwenye redio ya jirani nilikuwa naitikia. Marahaba, nasema. Peke yangu."

Mwaka ule nilikuwa nampigia simu kila wiki. Alisema hajambo, nami nikaridhika, nikarudi kwenye dagaa wangu. Kumbe kuna mtu aliyekuwa anamsalimia kule, na mtu huyo hakuwa mimi, wala hakujua kwamba anaitikiwa.

Wenzangu sokoni wanasema vijana wa sasa wanalilia watu wasiowahusu. Manju naye hakutuhusu, hatukuwa na undugu naye hata wa mbali. Alitupa tu mahali pa kuitwa, katikati ya kazi ngumu, na alipokufa mahali pale palibaki bila mtu wa kuita. Nafikiri watu wanalilia mahali hapo. Wengine wanapo shambani, wengine kwenye karai la vyombo.

Sikumwambia Neema anyamaze. Masufuria ilibidi yaoshwe, kesho ni kazi. Nilivuta kigoda, yeye akasugua, mimi nikasuuza, na alipotaka kulia tena nilimsubiri.