Cheche Aliyoiona Baba

Siku gari la baba lilipozima Nyashimo, mama alikuwa amelala nyuma, mguu wake umewekwa juu ya mto, umevimba hadi ngozi inang'aa. Tulikuwa tunampeleka hospitali Mwanza. Mimi nilikuwa nimeshasema tupande basi, au tukodi taksi, na kaka zangu walikuwa tayari kuchangia. Baba alikataa. Alisema mtu mwenye mguu kama ule hawezi kukaa kwenye kiti cha basi amekunja goti safari nzima wakati nyumbani kwake kuna gari lenye kitanda. Hapo alinishinda, kwa sababu kitanda kweli kilikuwepo.

Lilikuwa gari-nyumba la petroli, la zamani kuliko mimi. Wazungu wawili, mume na mke, walikuja nalo kwa barabara kutoka kwao, likawachosha walipofika Bariadi, wakamuuzia baba na wao wakarudi kwa ndege. Ndani lina kitanda, kabati, jiko dogo la gesi na mapazia ambayo mama ameyabadilisha mara nyingi. Enzi hizo baba alikuwa dereva na fundi wa wanunuzi wa pamba. Msimu ukifika alilala humo, Zagayu, Lalago, popote pamba ilipokuwa inapimwa. Kaka zangu walikuwa hawana habari na lile gari. Mimi, binti pekee, ndiye niliyesimama karibu naye boneti likiwa wazi, nikimshikia spana. Plagi na koili nilizijua kabla sijajua cherehani inayonilisha leo.

Asubuhi hiyo nilikaa mbele, kando yake. Kiti kile ni cha mama. Popote baba alipokwenda na gari lile, hata akienda tu kuweka mafuta, mama alikuwa pale mbele, na sisi watoto tuliwatania kwamba wamekuwa wachumba uzeeni.

Tangu tunatoka Bariadi gari lilikuwa linamisi. Linavuta, linakohoa, linapiga mlio kwenye ekzosi hadi watu wanageuka, kisha linavuta tena. Baba alisema tumeuziwa petroli chafu. Alikuwa anaongea sana, wakati yeye si mtu wa maneno. Ng'ombe wale ni wa nani? Wanachunga pembeni au wanavuka? Lile mbele ni lori? Limesimama au linakwenda? Nilimjibu nusunusu, macho yangu kwenye simu, kwa sababu wateja walikuwa wananiulizia nguo zao. Kabla ya kufika Lamadi niliinua kichwa nikaona tunawaendea mbuzi katikati ya lami. Nilipiga kelele, akafunga breki, na mama akagonga mguu wake kwenye kabati. Nilisikia alivyoguna. Baba akawalaumu wachungaji.

Nyashimo gari lilikohoa mara ya mwisho, likazima mbele ya duka la nafaka. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye sauti ya taratibu, alitoka akatusaidia kulisukuma pembeni. Alipochungulia ndani na kumwona mama, alisema mgonjwa hawezi kuachwa chini ya bati lile, jua litampika. Tukamsaidia mama kushuka, tukamlaza barazani kwake juu ya mkeka, na mke wa mwenye duka akamletea maji.

Baba alifungua boneti, akaniambia nipige stata. Stata ilizungusha injini vizuri, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, akaniambia nipige tena. Ndivyo alivyonifundisha zamani: kama cheche inaruka mdomoni mwa plagi, moto upo, tafuta ubovu kwenye mafuta. Kama hairuki, usihangaike na mafuta.

"Cheche ipo," alisema. "Ya bluu kabisa."

Basi tukaanza kutafuta ubovu kwenye mafuta. Baba alifungua bomba la petroli, akalipuliza kwa mdomo, akatema. Alifungua kabureta, akaisafisha kwa kidole na kitambaa, akaifunga. Nilipiga stata hadi ikaanza kuchoka. Akafungua bomba tena. Adhana ya adhuhuri ilisikika, mwenye duka akaenda kuswali, akarudi, akatukuta palepale. Alimpigia simu fundi anayemjua, na fundi akaja na pikipiki, mfuko wa spana mgongoni. Alimwamkia baba kwa heshima, akaomba aangalie moto kwanza. Baba alimwambia kwamba yeye alikuwa anafungua injini wakati baba yake huyo fundi hajaoa. Fundi alikwenda kukaa barazani, akawa anatutazama.

Nilikwenda kumwona mama. Mguu ulikuwa umezidi, vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye kivuli. Nikamwambia nasimamisha gari lolote linaloelekea Mwanza. Akanishika mkono.

"Mwache baba yako amalize," akasema.

Hasira iliyonipanda pale sikuwahi kuijua. Mtu mguu wake unaoza, na bado anamlindia mume wake heshima ya kufunga boneti mwenyewe! Nilirudi kwenye gari nikamwambia baba aingie yeye apige stata, mimi niangalie cheche. Akasema ameshaangalia. Nikamwambia aingie, la sivyo namwita yule fundi. Aliingia huku akinung'unika.

Nilishika waya kwa kitambaa, plagi ikagusa chuma, injini ikazunguka. Sikuona kitu. Nikamwambia hakuna cheche. Akajibu kutoka ndani kwamba ni jua, mchana wa namna ile mtu hawezi kuiona. Nikavua kanga yangu ya juu, nikajifunika pamoja na injini kama mtu anayejifukiza, kukawa na giza. Nikapiga kelele apige tena. Injini ilizunguka na kuzunguka. Plagi ilibaki nyeusi. Hata cheche dhaifu, ile nyekundu ya gari lililochoka, haikuwepo. Nilisimama ndani ya kanga ile, nimezibwa pua na harufu ya petroli, nikiwaza kwamba huyu mtu ameniambia bluu. Amesema bluu kabisa.

Nilifungua kifuniko cha distributa. Humo ndani mna vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Mafundi huviita pointi. Visipoachana vya kutosha, hakuna cheche. Baba alikuwa ameshuka, amesimama karibu yangu.

"Pointi nimezipima jana jioni," akasema.

Nikampa kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya pointi, nikamwomba anionyeshe alivyopima. Alikipokea. Mkono wake wa kushoto ulitangulia, vidole vikapapasa ukingo wa distributa, vikashuka, vikatafuta. Kisha akakichomeka kibati pembeni kabisa mwa pointi, mahali pasipo na kitu, akakisogeza mbele na nyuma.

"Unaona? Kinapita vizuri."

Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa yanaelekea kwenye rejeta.

"Baba, wewe huoni," nikamwambia.

Alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akaanza kufuta mikono kidole kwa kidole.

Nilikwenda barazani. Mama alikuwa ameshaona kila kitu, na hakunisubiri niulize. Aliniambia kwa sauti ileile ambayo angenieleza namna ya kupika mlenda. Macho ya baba yalianza kwa ukungu, yakazidi polepole. Barabarani yeye mama alikaa mbele akimwambia: kulia kidogo, ng'ombe, shimo, mtu wa baiskeli, punguza. Kwenye pointi pia alikuwa anamsimamia, anamwambia kibati kimeingia au hakijaingia. Safari hii alikuwa kitandani na mguu, kwa hiyo baba alipima peke yake, kwa vidole. Niliuliza ni tangu lini. Akasema msimu wa pamba umepita na mwingine umepita.

"Na leo, mayu? Leo nani alikuwa anamwambia?"

"Leo ulikuwa mbele wewe," akasema mama.

Yale maswali yote yakanirudia. Ng'ombe, lori, limesimama au linakwenda. Baba alikuwa anaendesha kwa macho yangu, na macho yangu yalikuwa kwenye simu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Tulipita Lamadi, penye mnada na watu wamejaa barabarani, kwa mwendo ule, na wazazi wangu wawili walikuwa wanajua. Nilimfokea mama mgonjwa mbele ya mwenye duka na mkewe na fundi. Nilimwambia kwamba wangeua mtoto wa mtu. Alifumba macho akaniacha niseme. Mke wa mwenye duka alinigusa bega, nikautoa mkono wake. Hadi leo sijajuta.

Pointi nilizirekebisha mimi. Zilikuwa zimeungua, na nafasi kati yake ilikuwa haifiki hata unene wa uzi. Nilizisugua kwa msasa, fundi akanizungushia injini taratibu mpaka zikafunguka mwisho, nikalegeza skrubu, nikaingiza kibati. Baba alikuwa nyuma yangu. Akasema nikikaza skrubu nafasi itabana tena, kwa hiyo niongeze kidogo kwanza. Alikuwa sahihi, na jambo hilo lilinichoma zaidi. Niliongeza kidogo, nikakaza, nikapima tena. Fundi alipopiga stata, gari liliwaka mara moja, likatulia, bila kukohoa.

Baba alizunguka akafungua mlango wa dereva. Nilisimama katikati yake na usukani, nikamwambia fundi ndiye atakayetufikisha Mwanza.

"Nipishe, mwanangu."

"Sikupishi."

Alikuwa hajawahi kukataliwa na mtoto wake hadharani. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono. Mwenye duka akajifanya anafunga gunia. Mwisho baba aliufuata mwili wa gari kwa kiganja, akiupapasa ubavuni kote hadi kwenye mlango wa nyuma, akapanda, akakaa miguuni kwa mama.

Hospitali walisema damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, wakamlaza mama siku ileile. Daktari aliniuliza mbona tumemchelewesha hivyo. Wakati mama yuko wodini nilimpeleka baba kwa daktari wa macho, nimemshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, linatibika kwa upasuaji. La pili lilikuwa limeliwa na presha ya jicho, na daktari alisema kwamba angekuja mapema lingeokolewa. Baba alisikiliza kama anayesomewa habari za mtu asiyemjua. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa nimewakasirikia wazazi wangu kwa ajili ya watu wa barabarani. Sasa nikawakasirikia kwa ajili ya lile jicho pia.

Jioni nilikaa kitandani kwa mama. Mguu ulikuwa umeanza kupungua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemnyang'anya ufunguo."

"Ndiyo, ningemnyang'anya."

"Basi ndiyo sababu," akasema, akageukia ukutani.

Mama alipona mguu. Baba alifanyiwa upasuaji, na lile jicho moja likarudi vizuri kiasi cha kuona nani anaingia uani. Aliitisha kikao cha familia, akataka gari lake. Kaka zangu walitazama sakafu. Mmoja alisema mzee ni mzee, tusimvunje moyo. Nikamuuliza kama atawapeleka wanawe wapande gari hilo baba akiendesha, akaanza kutafuta viatu vyake. Ufunguo ninao mimi. Gari limesimama uani kwangu chini ya turubai, na huwa naliwasha mara kwa mara ili lisife.

Baba hupita kwangu asubuhi akienda mjini kwa miguu. Namwamkia, "Mwangaluka, baba," naye ananiitikia, anauliza watoto, anaendelea na safari yake. La gari hatulizungumzi. Kaka zangu wanasema nimekuwa na roho ngumu. Mama ananiletea mboga.

Nikienda Mwanza kununua vitambaa hupanda basi. Kati ya Bariadi na Lamadi, asubuhi, wanafunzi wanakwenda shule pembeni mwa lami na mafagio yao na madumu ya maji, wameyapa magari mgongo, wanacheka. Wengine wanatembea ndani kabisa ya mstari mweupe. Nawatazama kupitia dirishani mmoja baada ya mwingine, na ninakasirika upya, kana kwamba nimeambiwa leo.