Kidonge cha Ini na Vile Vyeupe vya Kiungulia

Mwaka mmoja kabla ya korona, nikiwa na miaka hamsini na mbili, ndipo balaa iliponiingia mwilini, au tuseme ndipo nilipojua kwamba imo. Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba nimetoka hospitali sasa hivi. Binti yangu Kadzo alikuwa amejifungua kwa upasuaji na damu ilimpungua. Nikapanga foleni ya kutoa damu mbele ya mashemeji zake, nikijigamba kwa sauti kwamba yangu ni nzito, watoe hata chupa mbili. Wakatoa. Kadzo akapewa ya mtu mwingine, akapata nafuu. Siku chache baadaye nikaitwa nirudi, nikadhani wanataka kunishukuru.

"Mama Kadzo," daktari akaniambia, "damu yako hatuwezi kumpa mtu. Una homa ya ini, aina ya C. Huenda umekaa nayo miaka mingi."

Nilitazama mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine. Siumwi popote! Mimi ndiye niliyekuwa nikijitwika madumu ya mnazi, tembo letu la pwani, wanaume wakinitazama. Nikamuuliza nimeyatoa wapi maradhi hayo. Naye akaniuliza kama niliwahi kuongezewa damu, au kuchanjwa chale. Chale! Nani kwetu hakuchanjwa? Alipofariki baba yangu tulipangwa watoto wote mstari mmoja, mganga akatupitia kwa wembe mmoja, kuanzia kaka mkubwa mpaka mimi kitinda mimba. Nilipomweleza hivyo daktari aliandika kitu. Akasema hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu, lakini ugonjwa huu hupita kwa damu, na ndugu zangu nao waende wakapimwe.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na silii kwa hilo. Nilianza kuuza mnazi pale Dabaso nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na dumu moja la kuazima. Aliyenifundisha kazi ni mama mkwe wangu, mwanamke mkali asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza kabisa nilimpa mteja mnazi bila kuuonja. Mama mkwe akaninyang'anya kata ya kifuu mbele za watu. "We Sidi! Unampa mtu kinywaji ambacho wewe hujakitia kinywani? Unataka waseme tunatia watu sumu?" Basi tangu hapo kila dumu likifunguliwa, mimi kwanza. Nameza, wananitazama, halafu nawamiminia. Kwetu ndivyo mwenye kuuza anavyoonyesha moyo wake ni safi.

Nakueleza haya ili uelewe ujinga uliotaka kuniua.

Nilipelekwa kwa mtoaji dawa, binti wa Shella aitwaye Swafiya, buibui lake safi, sauti yake ya pole. Alinipa shikamoo kwanza ndipo akaanza maswali. Damu yangu walikuwa wameshaipima pia homa ya ini aina ya B, maana dawa ya C yaweza kuiamsha B iliyolala. Ile sikuwa nayo.

"Mama unakunywa pombe?"

"Sinywi. Nauza."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao.

"Kuna dawa nyingine unayotumia? Ya presha, ya sukari, ya kifafa? Miti shamba?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi ni mzima."

Akanipa chupa yangu. Kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, miezi mitatu, bila kuruka. Akasema dawa hizi zinaponya kabisa, na watu wengi sana hupona. Nilitoka pale nimenyooka mgongo. Nikakimeza kidonge changu kila asubuhi baada ya chai, sikusahau hata mara moja. Kama kuna mtu aliyefuata sheria, ni mimi. Ndivyo nilivyojua.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nikaenda kuchukua chupa ya pili. Nimekaa kwenye benchi, saa ya kidonge ikafika. Kifua kilikuwa kinaniwaka, kama kilivyoniwaka miaka yote. Nikafungua pindo la leso, nikatoa vile vidonge vyeupe vya kutafuna vinavyouzwa madukani, vyenye ladha ya mnanaa. Nikatafuna viwili, nikakifuatisha kidonge cha ini kwa maji. Swafiya alikuwa dirishani, akanitazama.

"Mama, hicho umetafuna nini?"

"Peremende."

"Nionyeshe hiyo peremende."

Nikamwonyesha. Mwanangu, sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alitoka nyuma ya dirisha akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Unavila tangu lini?"

"Tangu Kadzo hajazaliwa. Ni vya kiungulia tu."

"Na kidonge cha ini unakimeza navyo?"

"Kila siku! Natanguliza hivi ili kile kisinichome."

Akajishika kichwa. "Yarabi toba! Mama, dawa hii niliyokupa inahitaji ile asidi ya tumbo ili iyeyuke iingie mwilini. Wewe kila asubuhi unaizima asidi, halafu unameza dawa. Sehemu yake inapita hivi hivi."

Nilihisi benchi limeondolewa. Mwezi mzima! Mwezi mzima nimeamka, nimekunywa chai, nimemeza, nimemshukuru Mungu, na sehemu ya dawa naimwaga chooni. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuitambua: "Kwa hiyo sijatibiwa?"

"Sijui, Mama. Kirusi kikipata dawa kidogo kidogo chaweza kuizoea. Ngoja nimwite daktari."

Daktari akaja, hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema tuendelee, ila kila kilicho tumboni mwangu akijue. Kama sina budi kutafuna vile vyeupe, nivitenge na kidonge cha ini kwa saa nne, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni ya dawa niliyopewa mimi. Kisha akauliza hicho kiungulia kinatoka wapi. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza maishani, ninavyoonja.

"Lakini ulisema hunywi," Swafiya akasema.

"Sinywi. Naonja."

"Madumu mangapi kwa siku?"

"Yanayokuja."

Hakuna aliyecheka safari hii. Daktari akasema ini lililokwisha kukwaruzwa na ugonjwa halihitaji hata hiyo kata moja, na mnazi mkali ndio unaonichoma kifua. Niache. Nikamwambia anachotaka ni nifunge biashara. Nisipoonja, nani atakunywa kwangu?

Nilirudi Dabaso na ganzi. Mchana wakaja watu wangu, Mzee Charo mbele kama kawaida yake, mvuvi mstaafu mwenye mdomo. Nikafungua dumu, nikamimina, nikampa kata. Hakuipokea.

"Mama Kadzo, umesahau kazi? Au leo umetutilia dawa ya panya?"

Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Labda kaokoka!" Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu sikuipeleka kata mdomoni. Niliona wakitazamana. Miaka thelathini na ushee nimewauzia, na kwa kata moja tu nikaona mashaka machoni mwao. Ningeonja. Mkono ulikwishainuka. Ile kata ilifika kidevuni.

Nikaishusha. Nikasema, "Naumwa ini. Nimo kwenye dawa, na nikionja najiua. Anayetaka anywe, asiyetaka aende zake." Nilisema kwa ukali kwa kuwa nilikuwa karibu kulia.

Mzee Charo aliacha mzaha, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema polepole, "Mdogo wangu tumbo lilimjaa maji, macho yakawa manjano kama bizari. Tukasema karogwa. Tulimfukuza shangazi yetu mzima kwa ajili hiyo." Akanyoosha mkono akaichukua ile kata mkononi mwangu, akanywa yeye kwanza, akaimaliza. "Kunyweni nyinyi. Mnangoja nini?"

Tangu siku hiyo Charo ndiye mwonjaji wangu. Na mimi, kiungulia kilipopungua, vile vyeupe nikavitupa. Nikamaliza chupa zote, kisha wakanitaka nisubiri miezi mitatu mingine ndipo wanipime, miezi ambayo sikulala vizuri. Siku ya majibu Swafiya alisoma kimoyomoyo, akaweka karatasi chini, akanikumbatia mbele za watu. Kirusi hakikuonekana tena.

Sasa nisikilize wewe uliyepewa dawa hii, au utakayepewa. Ukiulizwa unatumia nini, taja vyote: kidonge cha dukani, mzizi wa bibi yako, dawa ya moyo, ya kifua kikuu, ya kifafa, na hiyo unayoiita peremende. Mwenye sukari apimwe mara kwa mara, maana ini likipona dawa ya sukari yaweza kumzidia. Usikate kidonge umgawie ndugu yako kwa huruma, mpeleke akapimwe. Usiache kati kwa kuwa unajisikia mzima, mimi nilijisikia mzima na nilikuwa naoza. Ukisahau, usimeze viwili kufidia, waulize kwanza waliokupa dawa. Na ukipona usirudi kwenye wembe wa watu wengi, kwa maana ugonjwa huu hushika tena. Sikiliza anayejua, hata kama ana umri wa mjukuu wako.

Mungu akupe ini zima, na mtu wa kuipokea kata mkononi mwako siku utakapotetemeka.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, shamba la minazi Kaloleni, mbuzi kumi na mmoja, jokofu, banda la kuuzia lenye mabati mapya, Kadzo, na mjukuu anayeniita kwa jina langu, Sidi, bila adabu hata kidogo.